Nani Anaweza Kubaki Nyumbani? Kazi, Nyumba na Pesa Katika Kuenea kwa Janga

Machi 16, 2020, Peru ilijifungia. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa bado wachache, na amri yenyewe ilikuwa miongoni mwa za mapema na kali zaidi Amerika ya Kusini: mipaka ikafungwa, shule zikafungwa, wanajeshi wakamwagwa barabarani, usiku hakuna kutoka. Ungeipima nchi hiyo kwa vigezo vya siku zile ungesema imefanya yote yaliyotakiwa. Mei 31, 2021, serikali yake ilirekebisha hesabu ya waliokufa kwa UVIKO-19 kutoka watu 69,342 hadi 180,764, na Peru ikawa nchi yenye vifo vingi zaidi duniani ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Sababu ni nyingi, na uhaba wa oksijeni na wa vitanda vya wagonjwa mahututi una sehemu kubwa katika vifo hivyo. Lakini kabla mtu hajafa lazima kwanza aambukizwe, na kwa upande wa maambukizi kuna kifaa kimoja kinachoeleza mengi: jokofu. Sensa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban nusu ya kaya za Peru hazikuwa nalo. Asiye na jokofu hawezi kununua chakula cha wiki mbili akajifungia. Huenda sokoni leo, kesho kutwa anarudi, na kwa kuwa amri ilikuwa imebana saa za kutoka, alikutana huko na kila mwenye shida kama yake. Kisha serikali, kwa nia njema kabisa, ikatoa ruzuku ya fedha kwa kaya maskini. Watu wazima wengi hawakuwa na akaunti ya benki, hivyo ruzuku ya kuwawezesha wabaki nyumbani ikawapanga foleni mlangoni mwa benki. Juu ya hayo, takriban wafanyakazi saba katika kila kumi walikuwa kwenye ajira isiyo rasmi, ambako siku isiyo na kazi haina kipato.

Kirusi kilichokuwa Peru hakikuwa na tofauti ya maana na kilichokuwa Japani au Ufaransa miezi ileile. Kilichotofautiana ni milango kiliyofunguliwa. Amri ilimwambia kila mtu abaki nyumbani, haikuuliza nani anaweza.

Namba inayodhaniwa kuwa ya kirusi

Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko hupima kasi ya ugonjwa kwa namba wanayoiandika R, yaani wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja. R ikiwa 2, mmoja anaambukiza wawili, wawili wanaambukiza wanne, na mzunguko wa kumi peke yake unakuwa na wagonjwa wapya 1,024. R ikiwa 1.5, mzunguko huohuo wa kumi una wagonjwa wapatao 58 tu. Ikishuka chini ya 1, ugonjwa unaanza kufifia. Ndiyo maana badiliko dogo tu la namba hii huwashughulisha sana watu wa afya ya umma.

Tatizo ni jinsi namba hiyo inavyotangazwa. Tunaambiwa ugonjwa fulani "una R ya 3", kana kwamba hiyo ni sifa yake kama uzito ulivyo sifa ya jiwe. Sivyo. R ni zao la mambo manne yanayozidishwa: siku ambazo mgonjwa anaendelea kuchangamana na watu huku akiambukiza, idadi ya watu anaokutana nao kila siku, uwezekano wa kuambukiza katika kila kukutana, na sehemu ya watu hao wasio na kinga. Maumbile ya kirusi yana kauli katika kila moja, lakini hayana kauli ya mwisho. Siku za kuchangamana zinategemea kama mgonjwa anaweza kukosa kazini. Idadi ya watu inategemea kazi yenyewe, usafiri wa kwenda huko na idadi ya wanaolala chumba kimoja. Uwezekano wa kuambukiza unategemea hewa, maji, sabuni, barakoa na nafasi. Na kinga, tangu chanjo zilipoanza kutengenezwa viwandani, ina bei na ina foleni.

Neno la kushika hapo ni "yanayozidishwa". Tuseme hali ya mtu ni mbaya kuliko ya mwenzake kwa asilimia 30 tu katika kila moja ya mambo hayo manne. Ni tofauti ndogo, na ukiitazama moja moja haishtui. Lakini 1.3 × 1.3 × 1.3 × 1.3 unapata 2.86. Hasara ndogo nne zimekuwa karibu mara tatu. Watafiti wanaotafuta sababu moja kuu ya tofauti kati ya mtaa na mtaa huishia kukwama kwa sababu hii, maana mara nyingi haipo.

Kuna mtego mwingine, ule wa wastani. Chukua mji wa kubuni wenye nusu mbili. Upande mmoja watu wanafanyia kazi nyumbani na R yao ni 0.7. Upande wa pili watu wanatoka kila siku na R yao ni 1.3. Wastani ni 1, na gazeti litaandika kwamba ugonjwa umetulia. Anza na wagonjwa 100 kila upande, na tuseme pande mbili hazichangamani kabisa. Baada ya mizunguko kumi, upande wa kwanza una wagonjwa watatu wapya kwa mzunguko. Upande wa pili una karibu 1,380. Hakuna aliyedanganya kuhusu wastani, ila wastani ulikuwa habari ya mji ambao haupo.

Na kwa kuwa katika maisha halisi pande hizo huchangamana (kuna anayesafisha, anayepika, anayebeba na anayelea mtoto upande wa pili), moto wa upande mmoja hurudi kuwasha mwingine. Ndiyo sababu ukosefu wa usawa katika janga ni suala la kiufundi kabla hata hujafika kwenye suala la huruma.

Kwenda kazini ukiwa na homa

Katika mambo manne hayo, lile la kwanza ndilo linaloguswa moja kwa moja na sheria ya kazi, na kwa maoni yangu ndilo linalopewa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Kila tangazo la afya husema: ukiona dalili, kaa nyumbani. Kwa mwenye mshahara wa mwezi na likizo ya ugonjwa yenye malipo, huo ni ushauri. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, sentensi ileile inamtaka ajikate pato la wiki mbili kwa ajili ya watu asiowajua, na pengine akute nafasi yake imeshachukuliwa.

Athari ya jambo hili imewahi kupimwa. Katika mlipuko wa mafua ya H1N1 mwaka 2009, watafiti nchini Marekani walikadiria kwamba kukosekana kwa sera kama likizo ya ugonjwa yenye malipo kulihusiana na wagonjwa wa ziada wapatao milioni 5. Machi 2020 nchi hiyohiyo ilipitisha sheria ya dharura iliyowapa baadhi ya wafanyakazi wiki mbili za likizo ya aina hiyo. Uchambuzi uliolinganisha majimbo ambako wafanyakazi wengi walipata haki hiyo kwa mara ya kwanza na yale ambako tayari ilikuwepo ulikuta kwamba yale ya kwanza yalipata pungufu ya wagonjwa 400 hivi waliothibitishwa kwa kila jimbo kwa siku. Sheria ile iliwaacha nje waajiri wenye wafanyakazi 500 au zaidi, yaani hasa maduka na maghala makubwa ambayo wakati huo yalikuwa yamejaa watu kuliko mahali pengine popote.

Uingereza ilichelewa zaidi. Malipo ya pauni 500 kwa watu wa kipato cha chini walioagizwa kujitenga yalianza Septemba 28, 2020, miezi sita tangu amri ya kwanza ya kubaki nyumbani, na waombaji wengi walikataliwa kwa kutotimiza masharti. Wakati huohuo mabilioni yalikuwa yanamwagwa kwenye mfumo wa kupima na kufuatilia waliokutana na wagonjwa. Kumpigia mtu simu kumjulisha kwamba ajitenge, bila kumwezesha kujitenga, ni kumpa habari ya kumkosesha usingizi tu. Wengine waligundua mapema kwamba njia salama ni kutopimwa kabisa, maana usichokijua hakikufungii ndani.

Kuna namna nyingine ya kazi inayorefusha mnyororo, ambayo haionekani kwenye takwimu za umaskini: kufanya kazi mbili. Mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee ambaye hapewi saa za kutosha katika kituo kimoja huongeza cha pili. Watafiti waliofuatilia mienendo ya simu za mkononi katika vituo vya namna hiyo Marekani mwaka 2020 walikadiria kwamba kama vituo visingekuwa vinagawana wafanyakazi, maambukizi ya wazee waliomo yangepungua kwa takriban asilimia 44. Fikiria maana yake. Mwenye kituo alipunguza gharama kwa kuajiri watu wa saa chache. Kwenye hesabu za kampuni huo ni ufanisi. Kwenye hesabu za ugonjwa ni daraja lililojengwa kati ya majengo mawili ya watu dhaifu.

Viwanda vya nyama ni somo la peke yake. Juni 2020 kiwanda kimoja cha magharibi ya Ujerumani kilikutwa na zaidi ya wafanyakazi 1,500 walioambukizwa. Vilikuwepo visababishi vya kimazingira: baridi, hewa inayozungushwa ileile, watu bega kwa bega kwenye mkanda wa kukatia nyama, kelele zinazolazimisha kupaza sauti. Lakini wengi wao walikuwa wahamiaji walioajiriwa kupitia mawakala, wakilala vyumba vya pamoja na kusafirishwa kwa gari moja. Upande wa Marekani, baadhi ya viwanda vya nyama viliahidi bonasi kwa wasiokosa kazini, jambo lililokuwa na maana ya kumlipa mgonjwa aje. Ujerumani haikuishia kwenye barakoa: kuanzia Januari 2021 ilipiga marufuku uajiri wa kupitia mawakala katika uchinjaji na ukataji wa nyama. Sheria ya ajira ilitumika kama dawa, na sidhani kuna mfano mwingine wa janga lile ulio wazi kama huo.

Msongamano wa mji si msongamano wa chumba

Mwanzoni mwa 2020 ilivuma hoja kwamba miji yenye watu wengi ndiyo itakayoangamia. New York ikaonekana kuthibitisha, hadi watu walipotazama ndani ya mji. Manhattan ndilo eneo lenye majengo marefu na watu wengi zaidi kwa kila kilomita ya mraba, lakini Bronx na Queens ziliumia zaidi. Watu elfu kumi kwenye ghorofa zenye vyumba vya kutosha si sawa na watu elfu kumi wanaolala sita sita. Kinachohesabika ni wangapi wanavuta hewa ya chumba kimoja usiku kucha.

Jambo hili si la jana. Uchunguzi wa takwimu za mafua ya 1918 katika mji wa Kristiania, ambao leo ni Oslo, ulikuta kwamba ukubwa wa makazi ya familia ulihusiana na uwezekano wa kufa: vyumba vichache, vifo vingi. Norwei yenyewe haikupigana katika vita vya wakati ule, kwa hiyo huwezi kulaumu mahandaki na kambi za askari.

Mfano wa Singapore unauma zaidi kwa sababu ni wa serikali iliyosifiwa na dunia nzima. Miezi ya mwanzo ya 2020 ilifuatilia kila mgonjwa kwa umakini, na mitaani hali ilikuwa shwari. Aprili ugonjwa ukalipuka kwenye mabweni ya wafanyakazi wahamiaji, wajenzi na mafundi wapatao 320,000 waliokuwa wakilala wengi katika chumba kimoja, kwa vyoo na majiko ya pamoja. Hadi Desemba mwaka huo serikali ilieleza kwamba takriban asilimia 47 yao walikuwa wameshaambukizwa, huku maambukizi miongoni mwa wakazi wengine yakiwa kidogo sana. Ni zile nusu mbili za mji wa kwenye mfano wangu, ila mji huu ni wa kweli na una anwani. Mfumo uliokuwa makini kufuatilia watu haukuwa umewaona hao kama watu wa kufuatiliwa.

Mumbai ilionyesha picha inayofanana kwa njia ya damu. Julai 2020, upimaji wa kingamwili katika kata tatu ulikuta kwamba katika makazi duni asilimia 57 hivi ya waliopimwa walikuwa wameshakutana na kirusi. Katika majengo ya kawaida ya kata hizohizo walikuwa asilimia 16 hivi. Choo kimoja kikitumiwa na kaya nyingi, agizo la kujitenga linaishia mlangoni asubuhi. Tofauti ya mitaa ya mji huo ilikuwepo pia 1918, wakati ukiitwa Bombay: rekodi za mafua zinaonyesha vifo 61.6 kwa kila watu 1,000 miongoni mwa Wahindu wa tabaka la chini, na 8.3 miongoni mwa Wazungu. Zaidi ya miaka mia moja imepita, serikali zimebadilika, ila ramani ya wanaoumia haijasogea mbali.

Huingia na mwenye pasipoti

Hadi hapa mtu anaweza kuhitimisha kwamba janga ni ugonjwa wa maskini. Hapo atakuwa amekosea, na kosa hilo lina madhara. Majanga mengi ya zama za usafiri wa haraka huanza na wenye uwezo wa kusafiri. Machi 2020 kituo cha michezo ya theluji cha Ischgl, Austria, kilisambaza kirusi kwa watalii ambao walikipeleka nchi nyingi za Ulaya. Hao hawakuwa maskini. Katika nchi nyingi zilikofika kesi za kwanza, walioingiza ugonjwa ni wafanyabiashara, wanafunzi wa ng'ambo na watalii, na ndipo ulipohamia kwa madereva wao, wasaidizi wao wa nyumbani na majirani wa hao.

UKIMWI ulifanya hivyohivyo kwa mwendo wa polepole. Tafiti za kaya katika nchi kadhaa za Afrika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliwashangaza wengi, kwani kiwango cha maambukizi kilikuwa juu zaidi miongoni mwa watu wa kipato cha juu na wenye elimu kuliko miongoni mwa maskini. Sababu ni kwamba pesa hununua pia safari, nyumba mjini na mahusiano. Umaskini nao ulikuwa na njia zake. Migodi ya kusini mwa Afrika iliwaweka wanaume kwa maelfu kwenye mabweni, mbali na wake zao kwa miezi, kisha ikawarudisha vijijini kwa likizo. Huhitaji nadharia ya maadili kueleza ugonjwa wa zinaa ulivyoenea kwa mpangilio huo. Mkataba wa kazi unatosha.

Kwa hiyo swali la "tajiri au maskini?" linahitaji swali la pili: katika hatua gani? Mwanzoni ugonjwa humfuata anayeweza kwenda. Baadaye hubaki kwa asiyeweza kutulia, kwa sababu yule wa kwanza ameshapata habari, nafasi na chanjo.

Mlango wa kuingilia nao una siasa yake. Novemba 7, 1918 meli Talune kutoka Auckland ilitia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, katika visiwa vya Pasifiki, ikiwa na wagonjwa wa mafua, na utawala wa kijeshi wa New Zealand haukuizuia. Zaidi ya mmoja katika kila wakazi watano wa koloni hilo walikufa. Jirani yao, Samoa ya Marekani, gavana John Poyer aliweka karantini ya bandari na hakuna aliyekufa kwa mafua hayo. Watu ni wa asili moja, lugha moja, makazi ya namna moja. Hapa wala haikuwa kipato, ilikuwa ni nani ana mamlaka juu ya bandari na anaiogopa hasara gani. Mwaka 2002 Waziri Mkuu Helen Clark aliwaomba radhi Wasamoa kwa niaba ya New Zealand.

Hasara ya kusema ukweli

Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg. Mji huo uliongozwa na wafanyabiashara, na bandari ndiyo ilikuwa uhai wake. Kutangaza kipindupindu kulimaanisha meli kukataliwa kila bandari, hivyo tangazo likacheleweshwa siku ambazo ugonjwa ulikuwa unazihitaji sana. Tena mji ulikuwa umeahirisha kwa miaka mingi gharama ya kuchuja maji ya mto Elbe. Altona, mji uliopakana nao kiasi kwamba mtaa mmoja ulikuwa na upande huu na upande ule, ulichuja maji yake, na ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Hamburg ilizika watu wapatao 8,600.

Ni rahisi kuwacheka wakubwa wa Hamburg. Lakini motisha ile haijaondoka. Novemba 24, 2021 Afrika Kusini iliijulisha WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, kuhusu aina mpya ya kirusi cha korona, ile iliyokuja kuitwa Omicron. Kazi ya maabara ilikuwa ya haraka na ya uwazi. Ndani ya siku chache nchi nyingi zilifunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika, msimu wa utalii ukielekea kileleni, ilhali kirusi chenyewe kilikuwa tayari kimeshafika mabara mengine. Waziri wa nchi nyingine aliyekuwa akitazama alijifunza nini? Kwamba anayetoa taarifa kwanza ndiye anayelipa. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinazitaka nchi zitoe taarifa mapema, ila hazina fungu la kufidia zinapoadhibiwa kwa kutii.

Imani nayo inaingia hapa. Mwaka 2019 kilitoka kipimo cha kimataifa cha utayari wa nchi kukabili milipuko, na Marekani ikashika nafasi ya kwanza, Uingereza ya pili. Kilichofuata kinajulikana. Uchambuzi wa nchi 177 uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba vipimo vya utayari wa namna hiyo havikuhusiana na maambukizi machache. Kilichohusiana ni watu kuiamini serikali yao na kuaminiana wao kwa wao. Imani haiagizwi dharura inapofika. Mtaa uliozoea kuona askari wakija kuvunja vibanda hautawapokea kwa furaha wakija na vipukusi.

Wasiohesabiwa

Yote niliyoeleza yanategemea hesabu, na hesabu zenyewe zina tabaka. Mwaka 2020 takwimu rasmi za nchi nyingi za Afrika zilionyesha wagonjwa wachache, na nadharia zikazuka za joto, jua na jeni. Umri mdogo wa watu ni sababu ya kweli ya vifo vichache, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini kule Lusaka, Zambia, watafiti walipima miili 364 iliyofikishwa chumba cha maiti kati ya Juni na Septemba 2020, na zaidi ya asilimia 15 ilikutwa na kirusi. Wengi wao walifia nyumbani, na wachache sana walikuwa wamepimwa wakiwa hai. Vipimo hufuata hospitali, na hospitali hufuata barabara na nauli. Palipo na maskini wengi, grafu hushuka yenyewe.

Kuhusu chanjo sitarefusha, maana habari yake inajulikana. Lengo la WHO lilikuwa kila nchi iwe imechanja asilimia 40 ya watu wake ifikapo mwisho wa 2021, na nchi wanachama 92 kati ya 194 hazikulifikia, huku nyingine zikitoa dozi ya tatu.

Je, pesa huzuia maambukizi?

Mkosoaji makini atasema: haya ni mahusiano tu. Maskini wana magonjwa mengine, wana umri tofauti, wanaishi kwingine. Huenda umaskini unatembea pamoja na maambukizi bila kuyasababisha. Ni hoja ya haki, na njia ya kuijibu ni kubadilisha hali ya uchumi ya baadhi ya watu kwa bahati nasibu kisha kuwapima.

Hilo limefanyika katika janga la UKIMWI. Wilayani Zomba, Malawi, wasichana na familia zao waligawiwa fedha kwa kura: kaya kati ya dola 4 na 10 kwa mwezi, msichana mwenyewe kati ya dola 1 na 5. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa shuleni mradi ulipoanza, asilimia 1.2 ya waliopata fedha walikuwa na VVU, dhidi ya asilimia 3.0 ya ambao hawakupata. Hawakuwa wamepewa somo la ziada kuhusu ugonjwa. Waliopokea walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na mpenzi mwenye miaka 25 au zaidi, na katika mazingira yale umri wa mwanaume unaeleza mengi kuhusu uwezekano wa yeye kuwa na VVU. Botswana nayo ilibadilisha mfumo wa sekondari mwaka 1996, na watafiti waliotumia badiliko hilo kama jaribio la bahati walikadiria kwamba kila mwaka wa ziada wa sekondari ulipunguza hatari ya kuambukizwa kwa pointi 8 hivi za asilimia, kutoka kiwango cha msingi cha asilimia 25 na ushei.

Kisha jaribio la Afrika Kusini, lililotoa matokeo mwaka 2016, likaja na jibu jingine. Wasichana walipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, wakalinganishwa na wenzao wasiopewa, na maambukizi mapya hayakutofautiana. Waliofurahia matokeo ya Zomba walinywea. Lakini ukitazama mahudhurio, pande zote mbili yalikuwa karibu asilimia 95, na nchi hiyo tayari ilikuwa na ruzuku ya serikali kwa watoto wa familia maskini. Fedha zile zililipia jambo ambalo wasichana wale walikuwa wanalifanya tayari.